Filamu ya Kijapani ya 1963, ule mwisho wa gerezani: yule kijana alimwita Gondo wa nini?

Mwanakombo_Mikanjuni

Salaam wanajukwaa, wakubwa shikamooni.

Niko Tanga kwa mafunzo ya vitendo hospitalini, mwaka wa mwisho. Nimepanga chumba Mikanjuni, bati tupu bila dari, na Februari ya hapa haihitaji kusimuliwa: saa nane za usiku godoro bado limeshika joto la mchana. Usingizi ukigoma natazama filamu za zamani. Jumamosi mjomba wangu alikuja kutoka Pangani, nikamwekea filamu ya Akira Kurosawa inayoitwa Tengoku to Jigoku, yaani Peponi na Jehanamu. Waingereza wameiita High and Low, jina lisilo na chumvi hata kidogo. Ni nyeusi na nyeupe, saa mbili na dakika ishirini na tatu, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namsomea mjomba kila neno mpaka koo likakauka.

Kwa ambao hawajaiona (na msiotaka kujua mwisho mpite): Gondo ni bwana mkubwa kwenye kampuni ya viatu. Nyumba yake iko juu kilimani, Yokohama, vioo ukuta mzima, kiyoyozi. Ameweka rehani mali yake yote apate pesa za kununua hisa, aishike kampuni. Mara simu inalia: tumemteka mwanao, tunataka yeni milioni 30. Kumbe mtekaji kakosea, kamchukua mtoto wa dereva. Anasema potelea mbali, utalipa wewe wewe. Gondo anakataa, anakataa tena, mwishowe analipa na kufilisika. Mtoto anarudi salama. Polisi wanamsaka mtekaji, ni Takeuchi, daktari kijana aliye mafunzoni kama mimi, anaishi bondeni chini ya kilima kilekile. Ameshawaua na washirika wake wawili kwa unga.

Sasa mwisho. Takeuchi amehukumiwa kunyongwa. Amemkataa kasisi, kaomba kuonana na Gondo. Wanakaa, kioo na wavu katikati. Anajigamba kwamba haogopi kufa, kisha mikono inaanza kutetemeka, anapiga ukelele, anang'ang'ania wavu, askari wanamburuta. Pazia la chuma linashuka, Gondo kabaki amekaa peke yake, mgongo kwetu. Basi. Imeisha.

Mjomba akaniuliza, "Sasa huyu kijana alimwita mwenzake wa nini? Kumtukana hajamtukana, msamaha hajaomba." Nikafungua mdomo, sina jibu.

Na niseme la moyoni: mimi Takeuchi nilimuonea huruma. Anasema chumba chake wakati wa baridi kilikuwa baridi hata halali, wakati wa joto kilikuwa moto hata halali, na akitazama juu anaiona nyumba ya Gondo kama pepo. Mimi nikitoka zamu jioni napita upande wa Raskazone, naona mataa na viyoyozi vinadondosha maji barabarani. Sijamteka mtoto wa mtu. Lakini lile neno la joto nililielewa hadi kwenye godoro.

Kibua_Mkavu

Dada, mwisho uko wazi. Jamaa kachanganyikiwa, kesi imefungwa. Mimi nilisinzia kwenye kikao cha polisi kile kirefu, nikaja kuamka kwenye moshi. Filamu nzima haina rangi, halafu ghafla moshi wa waridi unatoka kwenye bomba la hospitali! Nilidhani runinga imeharibika.

Mwanakombo_Mikanjuni

Hahaha Kibua, uliamka pazuri. Lakini swali la mjomba halijajibiwa.

Fundi_Msharasi

Dada Mwanakombo, marahaba. Mimi ni fundi viatu, Ngamiani, Barabara ya Nane, chini ya mwarobaini. Filamu hii nimeiona mara tano au sita. Mara ya kwanza ni kijana wangu aliniletea kwenye flashi akanambia, baba hii ina viatu. Nikakaa.

Mjomba wako kauliza swali la mtu mzima. Nitajibu, ila nitazunguka kidogo maana jibu haliko kwenye ule mwisho. Liko kwenye mikono.

Turudi mwanzo kabisa. Wakurugenzi wenzake wamekuja nyumbani, wanamwonyesha kiatu cha kike cha mtindo mpya, kizuri machoni, bei ya chini. Gondo anakichukua, na pale pale anakichana kwa mikono yake. Soli inabanduka kama ganda la muhogo. Watu wanaona hasira pale. Mimi niliona vidole. Mtu ambaye hajashika ngozi ukimpa kiatu akivunje atahangaika, hajui pa kuanzia. Gondo alienda moja kwa moja panapolegea. Aliwaambia anataka kiatu kinachodumu, kinachokaa vizuri mguuni na kinachopendeza, hata kama faida yake ni ya kungoja. Siku hizi wateja wangu nusu wananiletea viatu vya kiwandani vilivyoshikwa na gundi peke yake, mshono hata mmoja hakuna, mvua moja ya masika mdomo wazi. Nilimpenda yule bwana papo hapo, ingawa kwa mengine alikuwa na roho ngumu.

Twende kwenye mabegi. Polisi wanataka kuficha vidonge vya dawa ndani ya mabegi ya pesa: kimoja mtu akilizamisha begi majini kitoe harufu mbaya, kingine akilichoma kitoe moshi wa rangi. (Kibua, ndio huo moshi wako. Takeuchi alilitupa begi kwenye tanuri la taka la hospitali.) Nani afiche? Gondo anaomba zana zake za zamani, za alipokuwa mwanagenzi. Anakaa chini sakafuni, kwenye nyumba ile ya fahari, mbele ya maaskari, anakata bitana na kuanza kushona. Wanabaki wanamtazama. Mke wake naye, aliyezaliwa kwenye neema, anamtazama kama hajapata kumwona. Mtu huyu usiku huo anajua kesho hana kitu. Lakini kamata ile sindano uone, haitetemeki.

Shika hapo, mikono haitetemeki. Sasa ndio nakuja gerezani.

Takeuchi kamwita Gondo aje amwone ameanguka. Ndiyo kazi yote aliyofanya, dada. Pesa zenyewe alizitumia kidogo sana, nyingi zilikutwa. Alichokuwa anakitafuta ni kumtoa mtu peponi na kumleta motoni, halafu amtazame. Kule bondeni alikuwa na darubini, unakumbuka? Alipiga simu akaamuru mapazia yafunguliwe ili aone ndani. Mtu wa kutazama huyo. Sasa yuko ndani, atanyongwa, na hajaona bado. Habari alizisikia, kwamba nyumba imeuzwa na Gondo kafukuzwa kazi. Kwa macho hajaona. Ndiyo maana kasisi hamtaki. Kasisi wa nini?

Anakuja Gondo, kakaa, mzima. Anaulizwa, unafanya nini sasa? Anajibu kwa upole kabisa: natengeneza viatu. Kuna kampuni ndogo wameniachia niiendeshe, najaribu kuifikisha ilipo ile ya zamani.

Hapo ndipo kijana alipokwisha. Yanayofuata yote ni moshi tu. Anasema motoni haogopi kwenda, maana maisha yake ni moto tangu azaliwe, labda wangemwambia anapelekwa peponi ndipo angetetemeka. Mara mikono inamsaliti. Anajitetea eti ni mwili tu, ni kwa sababu katolewa kwenye chumba cha peke yake. Mikono ya nani inatetemeka? Si ya aliyefilisika.

Nitakwambia jambo langu. Miaka iliyopita nilikuwa na karakana na vijana watatu, tunashona viatu vya shule na makubadhi ya sikukuu. Nikakopa kwa mtu wa riba, Januari shule zikafungua, wazazi wakanunua mitumba. Wakaja kubeba cherehani ya kushonea ngozi mbele ya wateja. Kijana wao mmoja anaandika namba kwa chaki kwenye kila kitu, mpaka kigoda nilichokalia. (Ile siku polisi wanampelekea Gondo habari njema ya pesa kupatikana, na wadai nao wako sebuleni wanabandika karatasi kwenye viti vyake, mimi ilibidi nisimamishe filamu niende nje.) Kesho yake nilitoka na msharasi, nyundo na kopo la gundi, nikakaa chini ya mwarobaini.

Sasa, alikuwepo mtu, jina simtaji, wala hakuwa na deni nami. Akawa anapita kila asubuhi, polepole, baiskeli anaikokota. Hasemi kitu. Ananitazama tu. Siku ya nne nikamwambia, kaka, kiatu chako cha kulia kimekula kisigino, vua. Akavua. Nikampigia kisigino, nikamtoza bei ya kawaida, nikamwambia karibu tena. Hakupita njia ile tena.

Mwambie mjomba hivyo.

Mwanakombo_Mikanjuni

Fundi, nimekusoma mara mbili. Sikuwa nimeitazama mikono hata kidogo, na mimi ndiye ninayefundishwa kutazama mikono ya wagonjwa!

Lakini kuna kitu sijaridhika. Ukisema hivyo unamfanya Takeuchi mtu wa husuda na basi, kama wale wa kwenye mawaidha ya Ijumaa. Kurosawa alituzungusha bondeni muda mrefu, vilabuni, kwenye kile kichochoro cha mateja wanaogaragara na kukwaruza kuta. Kama ni husuda tu, ile jehanamu yote alituonyesha ya nini? Na Gondo mbona hajibu? Anauliza kwa nini wewe na mimi tuwe watu wa kuchukiana, halafu ananyamaza.

Karani_Mstaafu

Mwanangu Mwanakombo, umegusa penyewe. Nimekaa miaka mingi mahakamani nikiandika mienendo ya kesi, kwa hiyo nitasema la upande wa sheria, ambalo fundi kalipita.

Polisi walikwishamjua Takeuchi. Wangeweza kumkamata siku ile ile. Mkuu wao, Tokura, hakutaka, kwa sababu kwa sheria ya wakati ule adhabu ya utekaji ilikuwa ndogo kwake ukilinganisha na alichopoteza Gondo. Walitaka akamatwe akijaribu kuua, apate kunyongwa. Wakamwandikia barua ya uongo kana kwamba wale washirika wako hai na wanadai unga zaidi, ili arudi kuwamaliza. Yeye akaenda kununua unga, na kabla ya kuutumia akataka kuujaribu. Akamchukua teja mmoja, mwanamke, kwenye kile kichochoro. Yule mama akafa chumbani, maaskari wakiwa nyuma yake hatua chache.

Nani alimlilia? Hata jina hatulijui. Nchi nzima inamhurumia Gondo magazetini, watu wanasusia viatu vya kampuni iliyomtupa, na polisi wanajitahidi kama kesi ya baba yao. Yule mama alitumika kama karatasi ya kujaribia kalamu. Kwa hiyo usione aibu kwa huruma yako. Ila ujue ya kuwa Takeuchi hakuwaua watu wa kilimani hata mmoja. Aliowaua wote ni wa bondeni.

Kuhusu sheria: Kurosawa aliitengeneza akiwa na uchungu wa adhabu hizo nyepesi. Mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya filamu kutoka, Wajapani waliongeza kifungu cha kuteka mtu kwa ajili ya kikomboleo, adhabu hadi kifungo cha maisha.

Na jambo la mwisho. Huo mwisho unaouliza haukuwa ndio mwisho. Walishapiga picha nyingine ya kufungia, Gondo na Tokura wakizungumza baada ya kutoka gerezani. Mifune aliyemwigiza Gondo na Nakadai aliyemwigiza Tokura, waigizaji wakubwa wawili! Kurosawa akaitupa. Yule kijana Tsutomu Yamazaki, aliyemwigiza Takeuchi, aliigiza ule ukelele kwa nguvu kiasi kwamba Kurosawa akaona baada ya pale hakuna la kuongeza.

Kibua_Mkavu

Karani umeniharibia usiku. Mimi yule mwanamke sikumkumbuka hata, nilikuwa nangoja wamkamate jamaa. Nitarudia, safari hii na kahawa.

Fundi_Msharasi

Karani, shikamoo. Umenipiga penyewe. Yule mama nilimwona kila mara na kila mara nilimpita, maana nilikuwa namfuata Takeuchi na miwani yake.

Dada, nirudi kwako. Husuda sikuitaja mimi, umeitaja wewe, lakini nakubali jibu langu lilielemea upande mmoja, kama kiatu cha mtu anayechechemea. Tazama tena ule mwisho na utazame kioo. Kurosawa kaweka kamera hivi kwamba ukimtazama Gondo, sura ya Takeuchi imeelea juu ya uso wake kwenye kioo, na ukimtazama Takeuchi, ya Gondo iko pale. Nyuso mbili zinakaa mahali pamoja.

Sasa Gondo ni nani? Si mtoto wa kilimani. Alianza kiwandani akiwa kijana wa miaka kumi na sita, mwanagenzi. Mke ndiye aliyekuja na mali. Mkewe alipomwambia walipe tu, wataanza upya, alimjibu kwamba yeye hajui umaskini ni nini. Yeye anaujua. Kwa hiyo anapokaa mbele ya kile kioo anamtazama kijana wa bondeni, na yeye katokea bondeni. Mmoja alipewa sindano, mwingine alipewa vitabu vya udaktari, na huyu wa vitabu alikuwa karibu kabisa kupanda! Mwaka mmoja, miwili, angekuwa daktari kamili. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya joto la chumba. Alikuwa anakaribia.

Kuna na kile kipande kidogo cha barabarani, sijui kama ulikiona. Kabla ya kukamatwa, Takeuchi anamkuta Gondo usiku kasimama mbele ya dirisha la duka. Anamwomba moto wa sigara. Gondo anampa, hamjui. Kwenye filamu nzima wanaonana ana kwa ana mara mbili, pale na gerezani. Na unajua Gondo alikuwa anatazama nini dirishani? Viatu. Nyumba inaondoka, kazi hana, na anasimama usiku kutazama mshono wa mtu mwingine. Mimi nikipita mjini hufanya hivyo hivyo, mke wangu hunivuta mkono.

Kwa nini hajibu? Kwani aliulizwa? Aliuliza yeye. Kwa nini tuchukiane. Aliyekuwa na jibu alisema hana haja ya kujichunguza, kisha akaburutwa akipiga kelele, na pazia la chuma likashuka: kwaa. Kwenye kile chuma Gondo haoni mtu. Angeweza kuinuka aende, askari wangemfungulia. Kakaa.

Mara ya kwanza nilidhani anasikitika. Mara ya tatu nikadhani anaogopa. Sasa hivi sijui, nikiona kile kichwa kwa nyuma nakumbuka yule wa baiskeli. Nilimtoza kisigino nikajiona nimeshinda. Sikuwahi kumuuliza alikuwa ananitazamia nini.

Mwanakombo_Mikanjuni

Nimempigia mjomba simu leo asubuhi nikamsomea yote, ya fundi na ya karani. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Basi alitaka amwone analia, akalia yeye." Halafu akaanza habari za ndizi.

Usiku nimerudia dakika kumi za mwisho peke yangu. Ule wavu, anavyoushika, vidole vinageuka vyeupe. Nilikuwa nimeukumbuka ukelele tu. Na yule mama wa kichochoroni nimemrudia pia, karani. Nimesimamisha pale anapokaribishwa ndani, sikuendelea.

Bado namuonea huruma Takeuchi. Kidogo kuliko Jumamosi.

Fundi, mjomba anauliza, ana viatu vya ngozi vya harusi yake, soli imeachana na ngozi ya juu mguu mmoja. Vinatengenezeka? Anakuja tena wiki ijayo.

Fundi_Msharasi

Vinatengenezeka kama ngozi ya juu haijapasuka penye kunja. Alete vyote viwili, si kimoja, nikishona kimoja kitakuwa kirefu kuliko mwenzake. Asivipake mafuta ya nazi kabla ya kuja, watu wa Pangani nawajua. Alhamisi sipo, nakwenda Pongwe kwenye maziko. Siku nyingine zote niko chini ya mti mpaka alasiri.